Nyuma ya Kadi

Karani wa dirishani alikigeuza kioo cha kompyuta taratibu. Waya ukanasa kwenye kikombe cha kalamu, akaunasua, akakigeuza tena mpaka mama aliyesimama upande wa pili wa nondo akaweza kuona. Kioo kilijaa visanduku vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Karibu vyote vilikuwa vyekundu. Safu moja tu, ile ya mwanzo kabisa, jirani na palipoandikwa geti, ilikuwa ya kijani mwanzo hadi mwisho.

"Nyekundu maana yake kuna mtu," karani alisema. "Kijani maana yake hakuna mtu."

"Mwanangu yupo hapo penye kijani."

"Ndiyo ninachokueleza, mama. Hapo hakuna mtu."

Mama Kicheko alipenyeza mkono kati ya nondo. Kidole chake cha shahada kilikuwa kigumu nchani kwa kupimia moto wa pasi miaka nenda rudi: unakilowesha mate, unagusa chuma, kikilia chaa, pasi imeiva. Alitaka kuonyesha mahali penyewe, mkabala na bomba la maji.

"Usiguse kioo, mama. Kinaharibika."

Akaurudisha mkono. Nyuma yake watu walikohoa, wakahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Wote walikuja kwa jambo moja. Gari la matangazo lilikuwa limepita mitaani likipayuka kwamba Jiji limeachana na makaratasi, kwamba kumbukumbu zote za makaburini sasa zimo kwenye mfumo, na kila mwenye marehemu aje kuhakikisha marehemu wake yumo. Asiyekuwemo, nafasi yake itahesabiwa kuwa wazi. Mtaani watu walicheka mpaka machozi. Eti na marehemu nao wanahakikiwa! Wataombwa vitambulisho! Mama Kicheko naye alicheka, pasi mkononi, cheche zikiruka. Hakuna aliyemwambia kwamba anajicheka mwenyewe.

Sasa hapa inabidi jambo moja lielezwe, maana bila hilo mtu atadhani karani alikuwa mtu mbaya, na hakuwa mbaya.

Zamani, ofisi ya makaburi ilikuwa na uhaba wa kadi. Mtu mzima akizikwa aliandikiwa kadi yake: nani, lini, safu gani. Mtoto mdogo hakupewa kadi. Aliandikwa nyuma ya kadi ya mtu mzima aliyezikwa siku hiyo hiyo, hata kama kaburi lake liko safu nyingine. Ulikuwa utaratibu wao, na hakuna aliyeuona kama dharau. Karani wa wakati ule, mzee mwenye kigugumizi, aliwaambia wazazi kwamba mtoto halali peke yake, lazima awe na mkubwa wa kumwangalia. Kicheko aliandikwa nyuma ya kadi ya seremala mmoja aliyekufa kwa uzee. Mama yake hakumjua huyo seremala, lakini usiku wa kwanza, alipokuwa amejilaza chini anauma kanga ili jirani wasisikie, alimfikiria. Alijiambia, angalau yupo na mtu.

Ndipo ikaja mashine ya kuskani, ya kupiga picha makaratasi. Ilikuja na vijana wa kampuni, wenye visikizio masikioni, wanaolipwa kwa idadi ya kadi. Kadi inaingia huku, inatokea kule. Mbele tu. Aliyejua kwamba kadi zina nyuma alikuwa ameshastaafu, na ambao hawakujua hawakuuliza. Kwani nani huuliza kitu asichokijua?

"Seremala yupo," karani alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa bosi wake. "Namwona huyu hapa, safu ya tatu. Ila nyuma ya kadi yake hawakupiga."

"Basi si uitoe tu hiyo kadi uigeuze?"

Karani akaurudisha uso kwenye kioo. Alikuwa msichana mdogo, na ilionekana swali hilo ameshaulizwa na wengine asubuhi hiyo hiyo.

"Kadi hazipo, mama. Zilisagwa zote. Baada ya uhakiki kukamilika kulikuwa na sherehe, wakubwa walikuja, keki ikakatwa, ndipo zikapelekwa kusagwa."

"Nani aliyehakiki?"

"Mfumo."

"Mfumo ulijihakiki wenyewe?"

Mtu mmoja kwenye foleni aliguna. Karani akabonyeza kitu, akakunja uso, akabonyeza tena. Kwenye kile kisanduku cha mkabala na bomba palikuwa na alama ya kufuli.

"Hii nafasi imeshikwa tayari," alisema. "Safu yote ya geti inauzwa, maana gari linafika mpaka hapo. Mama, nenda kwa Mkuu. Nenda na shahidi. Lakini mimi sijakwambia."

*

Kicheko aliitwa hivyo kwa sababu alianza kucheka kabla ya wakati wake. Watoto wa umri ule hunyonya na kulala, huyu alicheka. Ukipiga chafya, anacheka. Mkaa ukilia kwenye pasi, anacheka. Baba yake akasema huyu amekuja kutucheka umaskini wetu. Masika yalipoingia alishikwa na homa, mama yake akambeba mgongoni mpaka zahanati, akakuta foleni imezunguka jengo. Alisimama kwenye foleni hiyo tangu alfajiri. Alikuwa akimsikia mtoto anampigapiga mbavuni kwa miguu, kwanza kwa nguvu, halafu kidogo kidogo. Halafu hakumsikia tena. Hakumfungua. Aliendelea kusimama, akasogea watu waliposogea, kwa sababu alijua akifungua ile kanga ndiyo mwisho, na asipofungua bado ni mama aliyempeleka mtoto kwa daktari.

Baba wa mtoto aliaga baadaye kwamba anakwenda kutafuta kazi. Mpaka leo bado anaitafuta.

Mama hakupata mtoto mwingine. Lakini jina lilibaki, na mtaa mzima ulimwita Mama Kicheko, hata waliohamia juzi wasiojua lolote. Wengine humwuliza kwa uchangamfu, "Kicheko yuko wapi siku hizi? Ameshaolewa?" Naye hujibu, "Yupo, hajambo," na kuendelea kupiga pasi.

Na kweli alikuwepo. Kila Jumapili mama yake alikwenda na ufagio wa mkono, akafagia, akakaa chini akamsimulia habari za wiki: nguo ya nani imeungua, nani kamkopa, bei ya mkaa. Alikuwa amempangia mawe madogo akayapaka chokaa. Mwaka ule ulioingia mfumo, Jiji likatoa amri kwamba alama zote zisizo rasmi ziondolewe, vibao vyenye namba vinakuja. Mawe yakazolewa. Vibao vikaja kweli, vya bati, vinang'aa, lakini vilichomekwa kwa wale waliomo kwenye mfumo tu. Safu ya geti ikabaki nyasi tupu. Mtu mgeni akipita angedhani ni mahali pa kuegesha magari.

*

Shahidi alikuwa mmoja tu, naye ni mchimba makaburi aliyeitwa Sururu. Mtu wa mzaha, kipara, mwenye mikono iliyopinda kwa mpini. Alikuwa akiwaambia waombolezaji wenye haraka, "Taratibu, ndugu zangu, huku hakuna aliyechelewa." Mama Kicheko alimkuta akinoa jembe, akamweleza. Sururu akaacha kunoa.

"Kicheko?" alisema. "Nilimlaza kwa mikono yangu hii. Ulimfunga kwenye kanga yenye maua ya manjano, nikakwambia uichukue utaihitaji, ukanikatalia. Twende. Huyo Mkuu nitamwambia mbele ya macho yake."

Mama Kicheko akalia. Hakuwa amelia pale dirishani, wala njiani. Alilia kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine duniani anayeikumbuka ile kanga.

Walingoja kwenye benchi la nje ya ofisi ya Mkuu wa Kumbukumbu mpaka vivuli vikahama upande. Walipoitwa, Mkuu alikuwa mtu wa adabu. Aliinuka kidogo, akawaonyesha viti, akasema, "Karibuni, wazee wangu." Mama Kicheko alilitambua shati lake. Mkunjo wa mkono ulionyooka kama uzi ulikuwa kazi yake yeye. Mtumishi wa nyumba yenye shati hilo humletea furushi kila Ijumaa. Hakusema. Alifikiri labda atasema mambo yakiwa magumu.

Alieleza yote tangu mwanzo, foleni ya zahanati, seremala, nyuma ya kadi. Mkuu alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini Jiji sasa ni la kisasa, hatufanyi kazi kwa kukumbukakumbuka. Mtoto alikuwa na cheti cha kuzaliwa?"

"Alikuwa bado hajapata. Aliishi miezi michache tu."

"Kibali cha mazishi je?"

"Mlikichukua. Mlisema tulete vibali halisi mkavipige kwenye mashine."

Mkuu akaandika kwenye kompyuta, akangoja, akasoma. "Kilipokelewa. Kipo. Jina la marehemu ni la seremala. Hata hapa mtoto aliandikwa kwa nyuma, nadhani."

"Ndiyo. Kwa nyuma. Kibali kilikuwa kimoja, nikakitunza mimi."

"Unaona shida yangu? Mimi hata nikitaka kukusaidia, nimwandike kwamba alikufa, mfumo unaniuliza: huyu alizaliwa lini? Nakwenda kwa waliozaliwa, hayumo. Na asiyezaliwa hawezi kufa, mama. Unanikatalia. Sio mimi."

"Kwa hiyo hajafa?"

Mkuu akasita. "Kimfumo... hapana."

"Basi nipeni nirudi naye nyumbani."

 Mkuu aliviondoa vidole kwenye kompyuta. Kwa kitambo kidogo alionekana mtu kama watu wengine. Kisha simu yake ikatetemeka juu ya meza, akaitazama, na aliponyanyua uso alikuwa Mkuu tena.

"Na huyu ni nani?"

"Ni shahidi," Mama Kicheko alisema. "Ndiye aliyemzika."

"Ah! Sururu!" Mkuu akacheka, akajiegemeza kwenye kiti. "Sikukutambua bila jembe. Wewe si ni kibarua wetu? Mikataba yenu ipo hapa mezani, inasubiri sahihi yangu. Haya, niambie. Kazi yako ni kuchimba au kutunza kumbukumbu?"

"Kuchimba, bosi."

"Umezika watu wangapi tangu uanze?"

"Wengi, bosi. Sina idadi."

"Unawakumbuka wote?"

"Wote? Hapana, bosi."

"Sasa huyu mtoto mchanga mmoja, wa miaka yote hiyo, unaweza kusimama mbele ya sheria ukasema alilala pale na si hatua mbili pembeni? Maana ukisema hivyo nakuandika kwa jina lako, na likitokea la kutokea unajibu wewe. Sikulazimishi. Sema ukweli wako."

Sururu aliitazama mikono yake. Mama Kicheko alimtazama usoni, akamwomba kwa macho kama anavyoombwa Mungu. 

"Sina uhakika, bosi," Sururu alisema.

"Asante. Ndiyo maana tuna mfumo."

Mkuu akainuka, akampa Mama Kicheko mkono. Mkono wake ulikuwa laini na wa baridi. Akamwambia kwa upole kabisa kwamba kuna fomu ya malalamiko, inajazwa kwa simu ya kisasa, na majibu yanakuja yenyewe. Mama Kicheko hakuwa na simu ya kisasa. Shati hakulitaja. Angelitaja ili iweje?

Nje, Sururu alimkimbilia mpaka barabarani.

"Mama Kicheko! Nisikilize. Mama Kicheko, nina watoto wanakula."

Aligeuka. "Na mimi ninaye mmoja asiyekula," akasema, akavuka barabara.

*

Siku zilizofuata alipiga pasi. Furushi la Ijumaa lilipoletwa alilipokea, akayanyunyizia maji yale mashati moja moja, akayanyoosha. Unaweza kuuliza kwa nini hakuyachoma. Mtu asiye na njaa ndiye huuliza hivyo.

Kisha karani wa dirishani alipita kibandani jioni, akitoka kazini, kana kwamba ana sketi ya kupiga pasi. Hakuwa nayo. Alisimama akichezea mkanda wa mkoba.

"Ni kesho asubuhi, pale bombani," alisema. "Nimeona nikwambie." Akaondoka haraka bila kungoja jibu.

Asubuhi Mama Kicheko alivaa gauni lake la heshima na kujitanda kanga. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno. Atasimama mbele ya watu wote. Atasema, jamani, hapa pana mtu. Kama ni kupigwa, apigwe. Kama ni kukamatwa, akamatwe. Lakini watajua wanachokanyaga. Fomu ya malalamiko haina kelele. Yeye atapiga kelele.

Alikuta magari yamejaa mpaka nje ya geti. Turubai jeupe lilikuwa limesimamishwa, viti vimevalishwa vitambaa. Ulikuwa msiba wa watu wenye uwezo. Shimo lilikuwa mkabala na bomba, kuta zake zimejengewa matofali. Kijana wa Jiji alikuwa ameshapigilia kibao cha bati chenye namba.

Sururu alikuwa bombani, ananawa miguu. Alipomwona, akayaacha maji yatiririke.

Mama Kicheko alimsogelea. Aliuliza jambo moja tu. "Ulipochimba, ulikuta nini?"

"Udongo."

"Udongo tu?"

"Udongo mtupu, Mama Kicheko. Wadogo vile hawakai udongoni." Akalifunga bomba. "Naapa."

Hakujua kama ni kweli au anamhurumia. Akatazama rundo kubwa la udongo mwekundu kando ya shimo, mbichi, umechanganyika na mizizi. Kama Kicheko alikuwa popote, basi alikuwa mle, naye hangeweza kumtenga na udongo mwingine.

Akajipenyeza katikati ya watu. Jeneza lilikuwa limeshateremshwa. Alifika mbele, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na hapo hapo mwanamke mmoja aliyekuwa ameshikiliwa na wenziwe wawili alimwangukia kifuani. Alikuwa mjane. Kwa kilio alikuwa haoni mbele. Aliona tu mwanamke aliyejitanda, mwenye uso uliokwisha. Alimkumbatia kwa nguvu zote, akitetemeka, machozi yake ya moto yakimwingia Mama Kicheko shingoni.

"Asante kwa kuja," mjane alisema. "Ulimfahamu? Ulimfahamu mume wangu?"

Mama Kicheko alikuwa na maneno yake yote tayari. Yalikuwa pale pale ulimini. Lakini kilio kile alikijua. Alikijua tangu kinapoanzia, chini kabisa ya mbavu, kwenye ile sehemu inayobaki ikingoja teke la mtoto. Mikono yake ikainuka bila kuulizwa, ikamshika mjane mgongoni, ikawa inampapasa.

"Pole, dada," alijisikia akisema. "Pole. Nyamaza, dada'angu."

"Nimeambiwa ni mahali pazuri hapa. Si pazuri? Hapana mtu jirani yake, atapumzika."

"Ni pazuri," Mama Kicheko alisema.

Mjane hakumwachia tena. Alimshika kiwiko akaenda naye mpaka ukingoni, ndugu wakawapisha njia, na mzee wa familia akaupakua udongo kwa koleo na kuwasogezea. Mjane akachota, akatupa, ukagonga ubao. Watoto wake wakachota. Kisha wote wakamgeukia Mama Kicheko, aliyefuata kwenye mstari.

Akainama. Akachota konzi ya udongo. Ulikuwa na ubaridi na ulinata. Vidole vilijifumba vyenyewe, vikauminya, kucha zikazama kiganjani. Akaunyoosha mkono juu ya shimo kama walivyofanya wengine, na hapo mkono ukakataa. Hakuutupa, wala hakuurudisha. Alisimama hivyo. Mstari ulikuwa umerefuka mpaka nje ya turubai, watu wazito wenye suti, kila mmoja anangoja zamu yake.

Mtu aliyekuwa nyuma akamgusa bega kwa upole.

"Tupa, mama," alimnong'oneza. "Kuna watu nyuma yako."